Masizi ya Korogocho, Masizi ya Nyota

Mwaka 1985 wanasayansi watatu waliokuwa wakifanya kazi California, Louis Allamandola, Alexander Tielens na John Barker, walichapisha makala katika jarida mashuhuri la elimu ya nyota. Katika kichwa chake walitaja moshi wa magari uliotanda katika Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza angani usiku. Walikuwa wamechukua alama za nuru kutoka katika wingu la kundinyota la Jabari, ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la Orion, wakazilinganisha na alama za masizi ya magari. Zilifanana kiasi cha kuwaaminisha kwamba kitu kinachong'aa kule, umbali wa zaidi ya miaka 1,300 ya nuru, ni jamaa wa kile kinachotia weusi kola za mashati ya abiria wa Jogoo Road.

Fumbo walilokuwa wakilifumbua lilianza mwaka 1973. Wanajimu walikuwa wameanza kuona mng'ao wa infraredi, nuru isiyoonekana kwa macho, ukitoka katika mawingu ya gesi na vumbi. Mng'ao huo ulikuja na alama zilezile karibu kila mahali ulipopimwa, na kwa miaka kumi hivi hakuna aliyejua unatoka kwa kitu gani. Mwaka 1984 Wafaransa wawili, Alain Léger na Jean-Loup Puget, walipendekeza molekuli za pete: kaboni sita zilizoshikana zikafanya pete yenye pembe sita, pete hiyo ikaungana na nyingine ubavu kwa ubavu, na nyingine tena, haidrojeni zikibaki kingoni. Kundi la California lilifika hapohapo kwa njia yake. Molekuli za namna hii ndizo zinazozaliwa taka zikiungua, dizeli ikichomeka nusunusu, mkaa ukiwaka kwa shida na tairi ikitiwa moto. Leo wataalamu wanakadiria kwamba asilimia 10 hadi 20 ya kaboni yote iliyo baina ya nyota imo ndani yake.

Naandika haya kwa ajili ya wakazi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi: Dandora, Kariobangi, Kayole, Umoja, Mathare na Makongeni, na hasa kwa watoto wao wanaosoma sayansi. Kemia ya mawingu yaliyo baina ya nyota, na kemia ya anga za sayari nyingine, huonekana kwetu kama elimu ya watu wa mbali wenye fedha nyingi na usiku mtulivu. Lakini ni kemia ileile wanayoivuta puani kila alfajiri wakienda kungoja matatu. Nchi iliyoweza kumfikishia mtoto wa Korogocho moshi huo inawiwa pia kumfikishia elimu yake.

Gesi iliyo nyembamba kuliko utupu

Hewa ya Nairobi, hata hapa juu karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ina molekuli kama milioni ishirini, mara milioni, mara milioni tena, katika kila sentimita moja ya ujazo. Wingu zito la gesi baina ya nyota lina molekuli kama 10,000 tu katika nafasi hiyohiyo. Pampu bora za maabara hapa duniani hupata shida kutengeneza utupu wa kiwango hicho, na bado tunaliita wingu kwa sababu ni kubwa mno: nuru huchukua miaka mingi kulivuka, na vumbi lililomo huzizima nyota zilizo nyuma yake. Ndani mwake kuna baridi ya nyuzi 263 chini ya sufuri. Molekuli moja inaweza kukaa siku kadhaa bila kugongana na nyingine.

Kemia gani itatokea mahali kama hapo? Mwanafunzi wa kidato chochote anajua kwamba mmenyuko mwingi huhitaji joto. Ndiyo maana kwa muda mrefu wengi waliridhika na molekuli tatu ndogo za atomu mbilimbili zilizogunduliwa kati ya 1937 na 1941, wakaona huo ndio mwisho. Kisha mwaka 1968 kundi la Charles Townes la Berkeley likanasa amonia. Mwaka uliofuata wakanasa mvuke wa maji, na wengine wakanasa fomaldehidi. Kufikia mwaka 1970 orodha ilikuwa ikirefuka kila mwezi na hakuna aliyeweza kueleza vitu hivyo vilipikwaje katika baridi ile.

Aliyeeleza alikuwa mkemia. William Klemperer wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa ametumia maisha yake kupima jinsi molekuli zinavyozunguka. Mwaka 1970 David Buhl na Lewis Snyder walinasa mawimbi ya redio ya takriban gigahezi 89 yasiyolingana na kitu chochote kilichowahi kupimwa, wakayapa jina la muda. Mwaka huohuo Klemperer alisema kwamba hicho ni haidrojeni, kaboni na oksijeni zilizoshikana na kupungukiwa elektroni moja, yaani ayoni. Hapakuwa na maabara iliyokuwa imepima mawimbi ya ayoni hiyo. Alifika hapo kwa hesabu na kwa kuijua tabia ya molekuli. Ilipofika mwaka 1975 Claude Woods na wenzake waliitengeneza maabarani Wisconsin, na mawimbi yake yakalingana na yale ya angani.

Mwaka 1973 Klemperer na kijana Eric Herbst walichapisha maelezo ya mfumo mzima, na hadi leo wanakemia wa anga wanajenga juu yake. Miale ya kosmiki, chembe zenye kasi kubwa zinazosafiri kila upande angani, hupenya hadi ndani ya wingu na kung'oa elektroni kutoka kwa haidrojeni. Haidrojeni iliyojeruhiwa hushikana na jirani yake na kufanya ayoni ya haidrojeni tatu. Hiyo huwa haitulii. Ikikutana na kabonimonoksaidi huikabidhi protoni yake moja, na hapo ndipo ile ayoni ya Klemperer inapozaliwa. Mmenyuko wa aina hii hauhitaji joto, kwa sababu chaji ya umeme yenyewe ndiyo inayowavuta wawili hao wakaribiane. Ayoni ya haidrojeni tatu, iliyobeba nadharia yote, ilinaswa baina ya nyota na Thomas Geballe na Takeshi Oka mwaka 1996, miaka zaidi ya ishirini baada ya Klemperer na Herbst kuitegemea.

Napenda kisa hiki kwa sababu moja. Klemperer hakuwa mnajimu. Alikuwa mtu wa chupa, mirija na umeme, akaweza kulifumbua jambo lililowashinda wenye darubini kubwa. Kijana aliye katika maabara ya shule yenye kabati moja la kemikali amekaa upande uleule wa elimu.

Karibu na Kilimia

Molekuli nyingi zinapozunguka hutoa mawimbi ya redio, kila moja kwa kipimo chake, na kipimo hicho hakiigwi na nyingine; ukishakijua unaitambua popote ilipo, kama unavyoitambua sauti ya mtu wa nyumbani gizani. Hasa kwa njia hii zaidi ya aina 300 za molekuli zimekwisha kutambuliwa baina ya nyota.

Mahali palipotoa nyingi kati ya hizo ni wingu dogo la giza katika kundinyota la Ng'ombe, linaloitwa kwa kifupi TMC-1. Liko umbali wa zaidi kidogo ya miaka 400 ya nuru. Usiku wa Desemba, umeme ukikatika mtaani na anga ikiwa safi, Kilimia huonekana vizuri upande wa kaskazini kwa mtu aliyesimama Umoja au Komarock. Ni kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa pwani na bara walikitazama kujua majira. Wingu hilo liko mashariki kidogo ya Kilimia. Huwezi kuliona kwa macho. Kazi yote hufanywa na redio.

Kwa miongo mitatu wanasayansi walijua kutokana na mng'ao wa infraredi kwamba molekuli za pete ziko angani, lakini redioni hapakuwa na hata moja waliyoweza kuitaja kwa jina. Alama zao huchanganyikana. Mwaka 2018 kundi la Brett McGuire, likitumia darubini ya redio ya mita 100 ya Green Bank nchini Marekani, lilipata ya kwanza ndani ya TMC-1: benzini iliyobandikwa kaboni moja na naitrojeni moja. Kibandiko hicho ndicho kinachoifanya isikike redioni. Mwaka 2021 ikapatikana jamaa ya naftalini, ambayo kila aliyewahi kufungua sanduku la nguo la bibi yake anaijua harufu yake, maana ndiyo dawa ya kufukuza nondo. Mwaka 2024 Gabi Wenzel, McGuire na wenzao wakatangaza jamaa ya pireni, yenye pete nne za kaboni na atomu 27 kwa jumla. Pireni yenyewe imo katika masizi ya dizeli na ya jiko la mkaa. Pia ilikutwa katika udongo wa asteroidi Ryugu, ambao chombo cha Japani, Hayabusa2, kiliuleta duniani Desemba 2020, na vipimo vya udongo huo vilionyesha kwamba sehemu ya molekuli zake za pete ilizaliwa katika baridi kali baina ya nyota, kabla jua letu halijawaka.

Zipo pia zinazozaliwa katika joto, na hapa ndipo wataalamu wa moto walipoingia katika elimu ya nyota. Moto ukikosa oksijeni ya kutosha, mafuta au plastiki huvunjika vipande vidogo, na kipande kilicho muhimu kuliko vyote ni asetilini, gesi ileile iliyo katika mitungi ya wachomeleaji wa Gikomba na Kariobangi. Asetilini hujishikiza kwenye pete, nyingine ikajishikiza pembeni yake, pete mpya ikafunga. Michael Frenklach alikuwa ameyachambua haya kwa ajili ya masizi ya injini na tanuru. Mwaka 1989 yeye na mwanajimu Eric Feigelson waliyachukua mahesabu hayo wakayapeleka kwenye gesi inayopulizwa na nyota kongwe zenye kaboni nyingi. Hesabu ya masizi ya duniani ikawa hesabu ya masizi ya nyota.

Mikrogramu 166

Sasa turudi ardhini. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi na kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu barani Afrika, APHRC, kilicho hapa Nairobi, walipima chembe ndogo za hewa katika mitaa miwili. Chembe hizo ni zile zisizozidi sehemu mbili na nusu za milimita iliyogawanywa mara elfu, ndogo za kupita puani, kooni, hadi ndani kabisa ya mapafu. Korogocho walipata wastani wa mikrogramu 166 katika kila mita ya ujazo. Viwandani, mtaa wa mabanda unaopakana na Eneo la Viwanda, walipata 67. Shirika la Afya Duniani wakati huo lilisema wastani wa siku usizidi 25. Mwaka 2021 lilikishusha kiwango hicho hadi 15, na wastani wa mwaka hadi 5.

Tuziangalie namba hizo mbili pamoja. Viwandani imezungukwa na mabomba ya viwanda, na bado Korogocho iliizidi zaidi ya mara mbili. Korogocho inapakana na jaa la Dandora.

Jaa hilo lilianza katika miaka ya 1970 ndani ya timbo la zamani la mawe, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayajaacha kwenda. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Njoroge Kimani: kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lihamishwe. Anayeishi Dandora anajua kama limehamishwa.

Taka zikifukuta pale usiku, bila hewa ya kutosha chini ya rundo, zinafanya kazi iliyoelezwa na Frenklach. Asetilini, pete, pete juu ya pete, masizi. Anayechoma nyaya ili apate shaba ya kuuza anafanya vivyo hivyo, na plastiki ya nyaya inaongeza klorini juu yake. Baadhi ya molekuli hizi za pete, benzopireni ikiwa mbele, zinajulikana wazi kuwa husababisha saratani. Baina ya nyota hazimdhuru mtu. Korogocho kuna mapafu ya watoto.

Yapo mambo tunayoyajua kuhusu hewa ya jiji hili kwa sababu kuna Wakenya waliokaa nayo kwa miaka. Michael Gatari wa Taasisi ya Sayansi ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wa Sweden walichuja hewa ya Nairobi katika vichujio, wakavipiga eksirei ili kujua ni elementi gani zimenaswa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha kwamba magari na vumbi la udongo vilihusika na karibu robo tatu ya chembe hizo ndogo. Mwaka 2018 Gatari na Francis Pope wa Birmingham walitoa vipimo vingine kwa vifaa vya bei nafuu: mikrogramu 36.6 kando ya barabara katikati ya jiji, 24.8 katika uwanja wa chuo kikuu, na 13 Nanyuki. Mtu akisoma namba hizo kisha akarudi kwenye 166 ya Korogocho, hahitaji kuelezwa zaidi.

Vifaa vingi vya bei nafuu hupima wingi wa chembe, havisemi chembe hizo ni za nini. Kujua kama ni vumbi la barabara ya Kayole, chumvi, masizi au molekuli za pete kunahitaji mkemia na mashine zake. Huko ndiko tulikopungukiwa, na huko ndiko elimu ya mawingu ya nyota inakoweza kutufaa, maana ustadi wa kuitambua molekuli kwa alama zake ni mmoja, iwe katika kundinyota la Ng'ombe au katika kichujio kilichotundikwa Dandora Phase 4.

Methanoli ya Mukuru na ya angani

Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walifariki katika mitaa ya Mukuru na jirani zake baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipona wakabaki vipofu. Zipo familia Eastlands ambazo hadi leo hesabu zao za miaka hugawanyika kabla na baada ya wiki ile.

Methanoli iligunduliwa baina ya nyota mwaka 1970, na leo inajulikana kuwa miongoni mwa molekuli zilizo tele kule. Hutengenezwa juu ya punje za vumbi. Kabonimonoksaidi huganda juu ya punje kwa baridi, kisha atomu za haidrojeni huiangukia moja baada ya nyingine: kwanza inakuwa fomaldehidi, halafu methanoli. Watafiti wa Sapporo, Japani, walilionyesha hilo maabarani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika mwili wa binadamu ini huifuata njia hiyo kinyumenyume, huirudisha methanoli kuwa fomaldehidi, kisha asidi ya fomiki, na ni asidi hiyo inayoshambulia mshipa wa fahamu wa macho. Somo moja la kemia lingeweza kubeba yote mawili, na mwanafunzi wa Mukuru angelisahau kwa shida.

Mawingu yanayozaa nyota kubwa hutoa mawimbi makali sana ya methanoli katika gigahezi 6.7. Kwa sababu hiyo darubini mpya ya redio mara nyingi hujaribiwa kwayo. Ghana ilifanya hivyo. Antena ya mita 32 ya Kuntunse, karibu na Accra, iliyokuwa ya simu za kimataifa kabla ya nyaya za baharini kuifanya isihitajike, iligeuzwa kuwa darubini ya redio kwa ushirikiano na Afrika Kusini na kuzinduliwa Agosti 2017. Miongoni mwa vitu vya kwanza ilivyovinasa ni methanoli ya angani.

Kenya ina antena za jamii hiyo. Kituo cha Longonot, chini ya mlima katika Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970 kwa ajili ya simu za satelaiti, na Kenya ni mmoja wa washirika wa mtandao wa darubini za redio wa Afrika unaoongozwa na Afrika Kusini. Vijana wa Kenya wamefunzwa kupitia mradi wa DARA uliofadhiliwa na Uingereza. Kutoka Eastlands hadi Longonot hakufiki hata safari ya kwenda Nakuru. Wataalamu tumeanza kuwapata, antena ipo, na Ghana imekwisha kuonyesha njia.

Kutoka Zuhura hadi kwa fundi wa friji

Anga za sayari nyingine zimetufaa tayari, nasi hatukuambiwa. Titani, mwezi mkubwa wa Zohali, ina anga nzito ya naitrojeni na methani, na ukungu wa rangi ya chungwa uliofunika kila kitu. Chombo cha Cassini, kilichoanza kuizunguka Zohali mwaka 2004, kilikuta benzini na molekuli nzito zikijengwa huko juu kabisa, kilomita kama 1,000 kutoka ardhini, kwa nguvu ya jua. Ukungu wa Titani ni wa kaboni. Aliyewahi kutua na ndege Embakasi asubuhi ya Julai ameona utando wa kahawia juu ya jiji. Kemia ya ukungu ule na ya utando huu husomwa katika vitabu vinavyofanana.

Zuhura, inayong'aa magharibi jua likishatua au mashariki kabla ya Alfajiri, ina mawingu ya asidi ya salfa na klorini katika hewa yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu walikuwa wakihesabu jinsi klorini hiyo inavyofanya kazi. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonya kwamba gesi za friji na makopo ya kupulizia zinapanda juu, zinavunjwa na jua na kutoa klorini inayoila ozoni, kundi la Michael McElroy la Harvard liliweza kuyapima madai hayo upesi, kwa sababu hesabu za klorini lilikwisha kuzifanyia Zuhura. Atomu moja ya klorini inaweza kuharibu maelfu kwa maelfu ya molekuli za ozoni kabla haijanyamazishwa. Molina, Rowland na Paul Crutzen walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1995.

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulitokana na kazi hiyo, na sekretarieti yake ya ozoni iko Gigiri, hapahapa Nairobi. Fundi wa friji wa Kariobangi Light Industries ameguswa na mkataba huo kuliko wanadiplomasia wengi. Gesi ya R12 aliyoijua ilikoma kutengenezwa na kuagizwa katika nchi zinazoendelea mwaka 2010, na R22 inaondolewa hatua kwa hatua. Anapoukata mrija wa friji kuukuu na gesi ikatoka kwa mlio, anaiachia angani kemia iliyofumbuliwa kwa msaada wa sayari nyingine. Anastahili kuelezwa hivyo kwa heshima, kwa lugha yake, pamoja na kupewa kifaa cha kuikusanya gesi hiyo.

Upande wa pili wa jiji, Dagoretti Corner, Idara ya Hali ya Hewa hurusha puto lenye kipimo cha ozoni kila wiki. Nairobi ni kituo katika mtandao wa SHADOZ ulioanzishwa mwaka 1998. Ndani ya kipimo hicho hewa hupita katika maji yenye iodidi ya potasiamu, ozoni ikaiachia iodini, umeme mdogo ukapita, ukahesabiwa. Ni kemia ya sekondari inayopanda hadi kilomita 30. Na kabla ya hapo, tarehe 26 Aprili 1967, Waitaliano wa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, kazi yake ikiwa kupima uzito wa hewa nyembamba iliyo juu kabisa ya ikweta. Hewa ya dunia imekuwa ikipimwa kutoka Kenya kwa zaidi ya nusu karne. Matokeo yake yamefika Geneva, Roma na Washington. Ni nadra kufika katika darasa la Makadara.

Mtaala wa sasa umeuweka mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Mkondo huo bila maabara ni jina tu. Wabunge wa Embakasi, Kasarani, Ruaraka, Mathare, Starehe, Kamukunji na Makadara wana usemi katika mfuko wa fedha za maeneobunge yao, na maabara moja ya kemia yenye vifaa vya kuchambua hewa, iliyo wazi kwa shule zote za umma za eneo, si ombi kubwa mno kwa mfuko huo. Kaunti, iliyokuwa na mpango wake wa ubora wa hewa wa 2019 hadi 2023, iweke vipimo Korogocho, Dandora, Mukuru na Kayole, na namba zibandikwe kila siku mahali mkazi anapoweza kuzisoma. Serikali iigeuze antena ya Longonot kuwa darubini ya redio. Walimu wa kemia wa Eastlands, msingoje hayo yote: moshi upo nje ya dirisha la darasa leo, na Kilimia kitatoka Desemba. Waambieni wanafunzi wenu kwamba vitu hivyo viwili vina somo moja, kisha waacheni waulize.